Pesa za gugu huchangwa ziwa likiwa jeupe

Mimi ndiye mweka hazina wa mfuko wa kudhibiti gugu maji katika ufuo mmoja wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, si mbali na Dunga. Nilikabidhiwa kazi hiyo baada ya kustaafu ualimu. Nilikuwa nikifundisha hesabu, na wavuvi wakaona daftari litakuwa salama mikononi mwangu. Daftari halijanishinda. Kinachochosha ni kukaa kando ya banda la samaki na kumweleza mama wa omena, ambaye faida yake ya leo haikuzidi shilingi 200, kwa nini atoe shilingi 20 kwa ajili ya mmea ambao asubuhi hii hauonekani popote. Maji yako wazi mpaka macho yanapoishia, naye anauliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, gugu liko wapi?"

Asiyeishi karibu na ziwa hudhani kwamba gugu maji huota mahali na kubaki hapo, kama magugu ya shamba la mahindi. Hili letu husafiri. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu na kulisukuma ndani. Ikishapita saa sita mchana upepo hugeuka, ukatoka ziwani na kuja na kila kinachoelea kuelekea Kisumu. Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa tunayoishi kando yake, ina mlango mwembamba kule kisiwa cha Rusinga, na mwisho wake wa mashariki ni sisi. Ukisafisha ufuo Jumatatu, gugu utakalolikuta Alhamisi si lile ulilobakiza. Huenda limetoka mdomo wa mto Nyando, huenda limekuja kutoka Kendu Bay. Ugumu wa pesa unaanzia hapo. Yule unayemwomba mchango huwezi kumwonyesha kipande cha maji ukamwambia hiki ndicho ulicholipia.

Wazee wetu wanalikumbuka ziwa kabla ya mmea huu. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini, na binadamu ndiye aliyeusambaza duniani kwa kupenda maua yake ya zambarau. Uliingia Ziwa Victoria miaka ya themanini, mwingi ukiteremshwa na mto Kagera, na upande wa Kenya ukaanza kuonekana karibu na 1990. Kufikia 1998 maelfu ya hekta za ghuba yetu yalikuwa yamefunikwa. Meli zilikwama bandarini, mashua zikashindwa kutoka, na mahali palipotulia maji wakazaliana mbu na konokono wa kichocho. Kuanzia 1997 watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, waliachilia ziwani fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wanaoishi kwa kula gugu hili. Miaka michache baadaye gugu lilikuwa limepungua sana. Fukusi walifanya kazi yao, na wako wanasayansi wanaosema kwamba mawimbi na mawingu ya El Niño yalisaidia pia. Awamu ya kwanza ya mradi mkubwa wa mazingira ya Ziwa Victoria, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ikafungwa 2005. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zikateremsha udongo na mbolea mitoni, na mwaka 2007 ghuba ikajaa tena.

Sizitaji tarehe hizo kumlaumu mtu. Nazitaja kwa sababu huwa nazikumbuka kila ninapofungua daftari. Gugu likipata joto na maji yenye rutuba huweza kujizidisha mara mbili katika wiki mbili au chini ya hapo. Mbegu zake zikizama kwenye tope huweza kukaa hai miaka ipatayo 20, zikingoja maji yapungue na mwanga uzifikie. Mradi huandikwa wa miaka mitatu, ukibahatika mitano. Hata ukisimamiwa na malaika, mbegu iliyoanguka siku unapozinduliwa itakuwepo siku unapofungwa, na itakuwepo siku wafadhili watakapokuwa wamehamia jambo jingine. Anayebaki na mbegu ile ni mtu wa ufuoni. Kwa hiyo pesa zake, hata zikiwa kidogo namna gani, zina kitu ambacho pesa kubwa za nje hazina: haziondoki.

Kabla ya mfuko huu, ufuo wetu ulichanga kwa njia tuliyoizoea kwa kila msiba. Gugu likifunga mlango wa mashua, watu wanaitwa chini ya mti, harambee inafanyika, vijana wanapewa mapanga na uma, wanaingia majini. Niliziona harambee hizo, na moyo wa watu haukuwa na kasoro. Lakini tazama hesabu yake. Hekta moja ya gugu lililoshikana vizuri huweza kuwa na uzito wa zaidi ya tani 200, na sehemu kubwa kabisa ya uzito huo ni maji. Unawalipa watu kubeba maji kuyatoa ziwani. Vijana wanafungua mfereji wa kupitisha mashua, pesa zinaisha, wali na maharagwe vinaliwa, na jioni upepo unaleta utando mwingine na kuuziba mfereji. Watu wanarudi nyumbani wakiwa wamekata tamaa, na mara nyingine ukiwaita wanakuja wachache.

Aliyetubadilisha mawazo ni bibi mmoja muuza samaki, mwenye umri wa kuitwa dani, yaani nyanya kwa Kiluo, na kila mtu pale. Alisimama kwenye kikao akasema, "Mwanangu mwalimu, matanga tunachanga baada ya mtu kufa kwa sababu hatujui siku ya kifo. Gugu hili sisi tunajua litakuja. Kila mwaka linakuja. Sasa tunangoja nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Siku hiyo hiyo tuliandika kanuni ya kwanza, kwamba mchango unatozwa ziwa likiwa jeupe, yaani halina gugu, na ziwa likifungwa mchango unasimama. Likifungwa, mvuvi hana samaki na mama hana cha kuuza. Kumdai wakati huo ni kumtoa damu.

Jinsi tunavyokusanya si jambo gumu. Kila mashua inayotua na samaki hutoa shilingi 50. Akina mama wa omena, mbuta na ngege hutoa 20 kwa wiki. Wenye mashua za kutembeza watalii hutoa zaidi kidogo. Wenye vizimba vya samaki hutoa kwa mwezi, na hao hawakuhitaji kubembelezwa, kwa sababu gugu likitanda juu ya maji hewa chini yake hupungua, na samaki aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Pesa hupitia M-Pesa kwenda kwenye akaunti ya sacco, na ili zitoke lazima watatu tukubali: mimi, mwenyekiti wa BMU (kamati ya kusimamia ufuo), na mwakilishi wa akina mama. Kila mwisho wa mwezi naandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ukuta ule umefanya kazi kuliko hotuba yoyote. Mtu husimama hapo na ndoo yake kichwani akasoma, kisha akanijia na swali. Siku nyingine swali lenyewe ni kali. Nashukuru kila linapoulizwa, maana mtu asiyeuliza tena kuhusu pesa zake ameshaamua kutozitoa.

Matumizi ndiyo yaliyoleta mjadala mrefu. Hakuna aliyepinga kununua kamba nene, mitungi mitupu ya plastiki na nguzo za kutengeneza kizuizi kinachoelea mbele ya mlango wa mashua, kwa sababu kizuizi kinaonekana na mtu anaweza kukigusa. Gambuti, glavu na jaketi za kuokolea nazo zilipita haraka. Dawa ya kichocho ilihitaji maelezo kidogo. Vijana wanaosimama majini kuvuta gugu wanaingia hasa pale walipo konokono, na mfuko unaomtuma mtu mahali pa kuugulia lazima umpeleke zahanati. Hilo kwangu halina majadiliano. Nimewahi kukataa kutia sahihi malipo ya siku mpaka majina ya waliomeza vidonge yaletwe.

Fukusi ndio waliotugawanya. Afisa mmoja wa utafiti alitufundisha kuwafuga kwenye matangi ya plastiki yaliyokatwa. Unaweka maji ya ziwa na gugu changa, unatia wadudu, na majani yakichakaa unayahamisha pamoja na wadudu na mayai yao kwenda ziwani. Fukusi mkubwa hukwangua jani akaacha vidoa vidogo vya rangi ya majani makavu. Mwenye madhara zaidi ni mtoto wake, anayetoboa shina na kuteremka mpaka kwenye moyo wa mmea. Maji yakiingia kwenye matundu yale mmea huoza, hupoteza uwezo wa kuelea na kuzama. Kazi hiyo huchukua miaka. Sasa simama mbele ya watu waliotoa shilingi 20 za jasho uwaambie sehemu ya pesa zao inakwenda kulisha wadudu. Mzee mmoja wa mashua aliniuliza, "Jaduong' (mzee), yaani mimi nilale njaa, mdudu ashibe?"

Gumu kuliko hilo lilikuwa kuwaambia waliache gugu kidogo. Fukusi hawezi kuishi bila chakula. Ukivuta kila mmea uliopo, umevuta na wadudu wote, na utando mpya ukija kutoka mbali utaukuta ufuo hauna mlinzi. Kwa hiyo tulikubaliana kuacha kona moja karibu na mafunjo, iliyozungushiwa kamba, ambapo gugu lenye wadudu haliguswi. Mara mbili vijana wenye bidii waliisafisha kona ile kwa nia njema kabisa, wakanijia wakitabasamu. Sikuwalaumu. Tangu wakiwa wadogo waliambiwa adui ni gugu, kisha tukawaambia lipo gugu la kutunzwa. Kilichosaidia ni kuwapeleka pale mmoja mmoja, kuwapasulia shina na kuwaonyesha mtoto wa fukusi ndani. Aliyemwona kwa macho yake hasahau, na leo wao ndio wanaowafukuza wengine wasiguse kona ile.

Lilizuka pia pendekezo la kupulizia dawa ya kuua magugu, kwa hoja kwamba ni ya haraka. Nililipinga kwa nguvu zote na nitalipinga tena. Mji wa Kisumu unavuta maji yake ya kunywa kutoka ziwa hili hili, samaki tunayemuuza anatoka humo humo, na gugu jingi likifa kwa mpigo huozea majini na kumaliza hewa ambayo samaki anaitegemea. Haraka ya namna hiyo italipwa na mtoto wa mtu.

Niseme kidogo kuhusu vitu vinavyotengenezwa kwa gugu, kwa sababu kila mgeni akija huanza na hilo. Vikapu, viti, karatasi, mboji, gesi ya kupikia: vyote nimeviona hapa Kisumu, na vingine ni kazi safi ya mikono inayolisha familia. Mboji tunaitumia wenyewe, mradi lundo liwekwe mbali na maji, vinginevyo mvua inarudisha rutuba yote ziwani. Lakini kufuma vikapu hakutamaliza gugu. Fundi anachagua mabua marefu na safi, na baada ya kukauka kinachobaki ni sehemu ndogo sana ya alichobeba. Tena mtu ambaye riziki yake yote inategemea gugu, huwezi kumtegemea alichukie. Nafurahi akina mama wanapouza. Sikubali bajeti ya udhibiti ihamishwe kwenda huko.

Pesa za nje tumezipata pia, na zimetufundisha mambo mawili yanayopingana. Mara ya kwanza shirika moja lilikuja, likaajiri vijana kwa malipo ya kila siku kutoa gugu, likapiga picha nyingi, na muda wake ulipoisha likaondoka. Kazi ilifanyika kweli. Lakini asubuhi iliyofuata, wale waliokuwa wakijitolea nusu siku kila wiki walikaa kivulini wakingoja kuandikwa majina. Ilichukua misimu kadhaa kurudisha desturi ya kujitolea, na kwa wengine haikurudi. Sisemi watu wasilipwe. Mtu aliyesimama majini tangu alfajiri anastahili ujira. Nasema ujira ukitoka kwa mgeni na ukikatika siku anayoondoka, unakuta umevunja kitu ambacho kilikuwa kinasimama chenyewe.

Baada ya hapo tulibadilisha namna ya kuomba. Tukienda kwenye kamati ya tabianchi ya wadi, ile inayopokea fedha za FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, kupitia kaunti, hatuombi siku za kazi. Tunaomba matangi, mashua ya doria, injini, mafunzo. Siku za kazi na mafuta ya mashua tunalipia wenyewe kutoka kwenye shilingi 50 na 20. Hivyo mgeni akiondoka, mashua inabaki na mafuta yake tunajua yanatoka wapi. Pia nimeona kwamba daftari lenye michango midogo ya miaka kadhaa huwafanya wenye fedha wakusikilize. Ofisa mmoja wa kaunti alilifungua letu, akapitisha kidole kwenye safu ya ishirini, ishirini, ishirini, akalifunga na kusema sasa tuzungumze.

Disemba moja nusura mfuko ufe. Mvua zilikuwa haba, ziwa lilikuwa jeupe karibu mwaka mzima, na akaunti ilikuwa na pesa ambazo watu wa hapa hawakuzoea kuziona zimekaa tu. Vyama vingi vya akiba Kenya huvunja akiba Disemba. Watu wanagawana, wananunua unga, nguo za Krismasi na karo ya Januari. Wakauliza kwa nini huu usigawanywe. Nilieleza habari za mbegu za miaka 20, na nikaona nyusoni mwao kwamba sishindi. Mama mwenye watoto wanne na barua ya shule mkononi hawezi kushindana na mbegu iliyo chini ya tope. Tulichoafikiana hakikumfurahisha mtu yeyote sana. Theluthi moja tuliitenga kuwa ya mikopo midogo kwa wanachama, irudishwe kwa riba ndogo ifikapo Aprili, na iliyobaki isiguswe kwa lolote isipokuwa gugu. Mikopo mingi ilirudi. Michache inaendelea kufuatiliwa hadi leo, na majina yake hayaandikwi ukutani, kwa sababu tulikubaliana kutomwaibisha mtu. Mpango huo tumeendelea nao. Riba hulipia mafuta ya doria, na watu wameuona mfuko kuwa wao hata miezi ambayo gugu halipo.

Doria yenyewe ndiyo matumizi ninayoyapenda zaidi, ingawa hayavutii kamera. Vijana wawili hutoka alfajiri, kabla upepo haujageuka, wakapita kando ya mafunjo na kuokota mimea michanga kabla haijatoa maua. Mmea uliookotwa kabla ya ua haukuacha mbegu. Siku nyingine wanarudi na nusu gunia tu, na mtu akiwaona anaweza kudhani wamelipwa bure.

Kinachobaki kunikera ni kwamba sisi tunaochanga ndio tunaoumia, na wanaolilisha gugu hawachangi chochote. Gugu hili halingekuwa na nguvu hivi kama maji yasingekuwa na chakula chake. Majitaka ya mjini yasiyosafishwa vya kutosha, mbolea ya mashamba ya miwa na mpunga, udongo unaoletwa na Nyando na Sondu-Miriu kutoka milima iliyokatwa miti: yote yanaishia ghubani. Mama wa omena anatoa 20 kwa ajili ya choo cha mtu anayekaa kwenye nyumba ya kifahari mtaani. Nimelisema hili kwenye vikao vya kaunti kwa maneno haya haya. Kuna waliokunja uso. Alikuwepo pia mhandisi mmoja kijana aliyenifuata nje akaomba namba ya mwenyekiti wetu.

Kwa sasa tunazungumza na jumuiya ya watumiaji wa maji ya huko juu ya mto, WRUA yao, ili tuandike ombi moja la pamoja badala ya mawili yanayoshindana. Wao wanataka miche ya kupanda kingoni mwa mto, sisi tunataka maji yafike huku yakiwa na udongo kidogo, na ni jambo lile lile. Wametuomba tuwaonyeshe kwamba ufuo utaweka pesa zake pia. Wanachama wameniruhusu nitenge kiasi kutoka kwenye akiba kwa ajili ya kitalu chao, kwa sharti kwamba wawili wetu, akiwemo dani, wapande matatu kwenda kukikagua mvua za masika zitakapoanza. Dani ameshaniambia atakwenda na daftari lake mwenyewe.